Wa Mto Tana: kabla ya vuli, nyumbani kwenu mmeshakubaliana mtahama lini?

#1 Jirani wa Malka

Wadau wa Tana River na wote mnaoishi kando ya mto, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apitilize.

Kila vuli ikikaribia humu ndani tunabishana jambo moja: itakuwa El Nino au haitakuwa? Oktoba 2023 ilikuwa hivyo hivyo. Tuliambiwa mvua kubwa inakuja, kisha Rais akatangaza kwamba wataalamu wamebadili utabiri na hakutakuwa na El Nino ya kuharibu, huku Idara ya Hali ya Hewa ikisisitiza kwamba mvua itazidi kawaida. Novemba mji wa Madogo, ng'ambo ya mto, ukakatika na Garissa, barabara ya Lamu ikazama upande wa Gamba, na watu wa delta wakabaki juu ya vituta na mifugo yao. Ubishi wote ule wa jina la mvua haukumsaidia mtu kubeba hata godoro.

Mimi nataka tuzungumze uamuzi wa nyumba moja. Nani anasema "tuondoke"? Anasema maji yakiwa wapi? Akishasema, kinatangulia nini kutoka?

Nasema hivi kwa sababu mto wetu hutoa muda. Alfajiri ya 29 Aprili 2024 kule Mai Mahiu maji yaliwakuta watu vitandani, wakafa zaidi ya arobaini. Tana haina tabia hiyo. Maji yake yanatoka Mlima Kenya na Aberdare, yanapita Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yanatambaa kwenye tambarare kupitia Garissa, Bura, Hola, Garsen mpaka Kipini. Ni safari ya siku kadhaa. Garsen jua linachoma, watu wanaanika mpunga, na mvua ya Nyeri na Murang'a iko njiani. Anayetazama wingu la kwao ili ajue kama ahame anatazama pasipohusika.

Hapo hapo niseme la mabwawa, maana najua litaletwa. Masinga ndilo ghala kubwa. Likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari limejaa, linamwaga, na mabwawa ya chini yake hayana tumbo la kumeza maji hayo yote. Kwa hiyo taarifa ya kina cha Masinga ni muhimu kwetu kuliko utabiri wa mvua ya Hola. Lakini msidanganyane kwamba "Masinga bado halijajaa, tulale". Mito ya Kathita na Mutonga inatoka Meru na Tharaka na kuingia Tana chini ya Kiambere. Haipiti bwawa lolote kati ya hayo matano. Tana inaweza kufurika na Masinga lina nafasi.

Sasa jambo ambalo ndilo limenifanya niandike. Vijiji vyetu vingi vimekaa ukingoni, na ukingo wa mto huu uko juu kuliko nyuma yake. Mto ukifurika miaka na miaka huacha udongo mwingi karibu na kingo zake, ukingo unainuka, na nyuma kunabaki bonde la tope na mikono ya zamani ya mto. Wazee walijenga ukingoni kwa akili, ndiko kukavu. Tatizo ni kwamba maji yakipasua ukingo mahali fulani juu huko, yanajaza kwanza lile bonde la nyuma. Wewe uko mlangoni unatazama mto mbele, unaona bado hatua kumi maji yafike, na nyuma yako njia ya kwenda kwenye kituta imeshazama kiunoni. Nyumba kavu, njia hakuna. Wengi waliotolewa kwa boti walikuwa wamekwama namna hiyo.

Ndiyo maana alama ya kuhama haifai kuwekwa mlangoni. Tembeeni kiangazi hiki kutoka nyumbani hadi mahali mtakapokimbilia, mtafute sehemu ya chini kuliko zote katika njia hiyo. Inaweza kuwa mbali kabisa na nyumba. Pale ndipo pa kuweka alama, kwenye mti au nguzo, na maji yakigusa pale watoto, wazee na wagonjwa wawe wameshapita. Alama ya pili ni habari za juu: ukisikia Madogo na Mororo wanatoa vyombo, wa Hola ana siku, wa Garsen ana siku zaidi. Kila nyumba ya huku iwe na mtu wa kumpigia simu Madogo. Shemeji, mteja, mliyesoma naye, yeyote.

Haya yote ni ya mto. Laga, yaani mkondo mkavu unaojaa mvua ikinyesha, ni kitu kingine. Laga inashuka kwa saa, pengine dakika, na huwezi kuipangia siku. Kwa laga kuna sheria moja tu: ikiwa inatembea, huvuki, hata kama jana ulivuka na bodaboda imebeba magunia.

Leteni ya kwenu.

#2 BintiGalole

Umesema kweli kaka, hasa hilo la bonde la nyuma. Niongeze la "nani anasema tuondoke", kwa sababu hapo ndipo kwetu panauma.

Mwenye nyumba yuko na ng'ombe mbali, au yuko Mombasa kibaruani. Mama yuko na watoto, na bibi asiyeweza kutembea. Maji yanapanda, anapiga simu kuomba ruhusa, mtandao umekufa kwa sababu mnara nao hauna umeme. Anasubiri. Akihama na mwanamume akirudi akute mbuzi wawili wameibwa, ataambiwa aliharakisha. Akibaki na maji yakafika, ataambiwa hakuwa na akili. Basi wanaume mlio humu, toeni ruhusa mapema, mbele ya mashahidi, kwamba maji yakifika alama fulani mama anaondoka na hataulizwa cha nini kilipotea.

La pili ni wajawazito. Mwenye mimba ya mwezi wa nane asiingie msimu akiwa ng'ambo ya mto au kijiji kinachokatika. Apelekwe kwa ndugu karibu na Hola au Ngao kabla ya mvua. Na wanaotumia dawa za kila siku, za sukari, presha, kifua kikuu au ARV, waombe kliniki dawa za muda mrefu zaidi msimu ukikaribia, waeleze sababu. Wahudumu wanaelewa. Mara nyingi ni sisi hatuulizi.

#3 Mzee wa Maembe

Haya ni mazuri kusoma mtu akiwa na chai mkononi. Mimi nauliza, pesa ni ya nani?

Misimu mitano mfululizo mvua ilikataa, 2020 mpaka mwanzo wa 2023. Watu waliuza mbuzi, waliuza mabati. Ukame haujapumua, mafuriko haya hapa. Nyumba ambayo haijarudisha hata mbuzi mmoja unaiambia ihame mapema, bodaboda anapandisha nauli mara tatu siku hiyo hiyo, na mwenye mtumbwi naye anakuangalia usoni kabla ya kutaja bei. Ukifika huko juu, hema ni la kupigania. Mimi mwaka mmoja niliandikishwa jina kwenye ofisi fulani, msaada ukaja, jina langu halikuwemo, jirani aliyekuwa Malindi muda wote alikuwemo.

Na kuna jambo watu hawalisemi waziwazi. Ukihama ukakaa, shamba lako linaingiwa. Hati hatuna wengi wetu. Umiliki wetu ni miembe na migomba tuliyopanda na majirani wanaotujua. Kila mafuriko yakitokea wanakuja wakubwa kusema "hameni kabisa". Mtu akisikia hivyo anashikilia nguzo ya nyumba yake hata maji yakiwa kifuani. Usimlaumu.

#4 Jirani wa Malka

Mzee wangu, simlaumu, na la msaada nakuunga mkono, sote tunayo hadithi kama hiyo.

Lakini tutenganishe kuhama na kuhamisha. Kuhama ni kuwatoa wanyonge na vitu vichache kwa wiki kadhaa. Anayelinda shamba abaki mzima mmoja mwenye kujua kuogelea, akiwa na mtumbwi, na akubaliane na wenzake nao atatoka lini. Hilo halimpi mtu yeyote nafasi ya kusema umeacha ardhi.

Kuhusu pesa, hesabu ninayoiona ni hii: gharama ya kuhama inapanda pamoja na maji. Wiki moja kabla, punda na mkokoteni vinatosha. Siku yenyewe ni mtumbwi kwa bei ya mwenye mtumbwi. Asiye na pesa ndiye anayehitaji kutangulia, ingawa najua ndiye anayebaki mwisho. Vikundi vya akina mama vya merry-go-round, vile vya kuchangiana kwa zamu, vinaweza kukubaliana sasa kwamba mzunguko wa Oktoba haugawanywi, unawekwa kwa usafiri wa wazee na wagonjwa. Nimeona kikundi kimoja kikifanya hivyo na hakuna aliyelalamika baadaye.

#5 Mrufiji Asilia

Wakuu, natokea Rufiji, Tanzania, nimevutwa na kichwa cha uzi. Mnayoyasema ni ya kwetu mtupu. Aprili 2024 maji yalituvamia Rufiji na Kibiti, Muhoro watu wakahamishwa, na kelele ikawa ile ile: ni bwawa au ni mvua?

Hili la mzee wa maembe kwetu lina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliwatoa watu bondeni ikawapeleka kwenye vijiji vya juu. Nyumba zilihama, lakini kilimo kilibaki bondeni kwa sababu rutuba iko bondeni. Kwetu baada ya maji kushuka tunapanda mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko, kwenye ule unyevu, na mlau ukikubali mtu husahau hasara. Kwa hiyo mpaka leo kijiji kiko juu na mtu msimu mzima yuko shambani chini, analala kwenye dungu akifukuza nguruwe na ndege.

Dungu ni kibanda juu ya nguzo ndefu. Watu wa nje wanaliona kama umaskini. Mimi naona ni akili ya mtu anayejua mto. Chakula, mbegu na moto viko juu. Ila niwe mkweli, dungu linafaa kwa maji ya kawaida yanayopanda taratibu. Mkondo ukipita pale, nguzo zinang'oka na wewe ukiwa juu. Halikuondolei haja ya kuhama, linakupa muda tu.

#6 Jirani wa Malka

Mkuu Mrufiji karibu sana. Hilo la mbegu ndilo nililotaka mtu alitaje. Huku watu wanaokoa televisheni wanaacha mbegu. Maji yakishuka udongo uko tayari kwa wiki chache tu, na huyo mwenye mahindi, kunde au pojo za kupanda anavuna kabla msaada haujafika. Asiye nazo ananunua kwa bei ya wakati ule au anakodisha shamba. Mbegu kavu kwenye jerikeni lililokauka kabisa, kifuniko kimekazwa, litaelea hata likichukuliwa. Andika jina lako kwa rangi.

#7 Nahodha Mdogo

Mimi kazi yangu ni kuvusha. Nisikilizeni kidogo.

Mwisho wa Aprili 2024 boti ilipinduka kati ya Madogo na Garissa, pale barabara ilipokuwa imezama, watu wakafa. Walikuwa wasafiri tu wanavuka sehemu ya lami wanayoijua. Maji juu ya barabara yanadanganya. Chini kuna lami unayoifahamu, pembeni kuna mkondo unaokula lami hiyo hiyo usiku kucha.

Mtumbwi ukiingia mafurikoni si mtumbwi ule wa mtoni. Mpiga pondo amezoea kufika chini na pondo lake, sasa hakufiki. Kuna visiki, kuna waya za seng'enge za mashamba, kuna viboko waliotoka kwao kwa sababu hata wao wamefurikiwa, na mamba anaingia mpaka uani. Usivuke usiku. Usikubali kupanda ikiwa maji yako karibu na ukingo wa chombo kuliko kiganja, hata nahodha akuapie. Asiye na jaketi la kuokolea afunge majerikeni mawili matupu yaliyozibwa vizuri kifuani na kamba ipite chini ya makwapa. Watoto wasifungwe kwenye chombo! Nimeona mama akimfunga mtoto kwenye mbao ili asianguke. Chombo kikipinduka mtoto huyo hana pa kwenda.

#8 Kijana wa Minjila

Nahodha hujagusa bei ya mwenye mtumbwi, na wewe ndiye mwenye mtumbwi 😂

#9 Nahodha Mdogo

Mafuta ya injini unanilipia wewe? Haya, wagonjwa na wajawazito bure, hapo hata Mzee wa Maembe ni shahidi.

#10 Mchungaji wa Wayu

Nyinyi wa kilimo mmesema, sasa wa mifugo. Sisi kiangazi tunashuka mtoni kupitia malka, zile njia za mifugo za kufikia maji, mvua ikianza tunapanda bara. Aliye na desturi hiyo hafurikiwi sana. Wanaopoteza ni waliobaki mtoni wakitumaini majani yatadumu, na wale wenye wanyama wachache wanaofugwa nyumbani. Malka zikifungwa na mashamba, ng'ombe mia hawawezi kupanda kwa wakati, na hapo ndipo ugomvi wetu na ndugu zetu Wapokomo unapozaliwa mbele ya maji. Malka iachwe wazi kabla ya Oktoba, na mchungaji naye asubiri mazao yavunwe. Wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wazee wetu wanaweza kulimaliza chini ya mti kabla halijafika kwa polisi.

Baada ya mafuriko kuna jambo baya zaidi kwa mifugo. Homa ya Bonde la Ufa. Ilitupiga baada ya mvua za 1997 na 1998 upande wa Garissa, ikarudi 2006 na 2007 Garissa, Tana River mpaka Kilifi, na iliua watu pia. Mayai ya mbu wake yanakaa ardhini kwenye mabonde makavu miaka mingi, yakifunikwa na maji yanaanguliwa. Mkiona kondoo na mbuzi wengi wanatupa mimba kwa pamoja, msichinje mgonjwa, msiguse ile mimba kwa mikono mitupu, mwiteni daktari wa mifugo. Najua inauma kuacha nyama. Chanjo ni kabla ya mvua, maana ugonjwa ukishaingia, sindano inayotoka mnyama hadi mnyama inaweza kuusambaza.

#11 Muuguzi Msimu

Nimefanya kazi kambini, kwa hiyo nitaongelea maji ya kunywa tu na vyoo.

Mto ukifurika unaingia kwenye vyoo vya shimo na visima kwa pamoja. Kipindupindu cha 2024 Tana River hakikuhitaji maelezo mengine. Maji maangavu yanayopendeza bado yanaweza kuwa na kinyesi. Chemsha mpaka yatokote, au tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au kidonge. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu dawa haifanyi kazi vizuri ndani ya tope. Nunueni dawa hiyo sasa, dukani bado ni bei nafuu.

Mtu akianza kuharisha maji maji, mpeni ya kunywa saa hiyo hiyo, msisubiri kituo. Kama hakuna pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi, ikizidi inaumiza. Anywe kidogo kidogo huku anapelekwa hospitali.

Na mkirudi, msikimbilie ndani. Nyumba za udongo zinaweza kuanguka hata maji yakiwa yameshashuka, ukuta umelowa siku nyingi na hakuna tena maji ya kuuegemeza. Nyoka wamo kwenye makuti na chini ya vitanda. Ingieni mchana, na fimbo, mkianzia nje.

#12 BintiGalole

Ahsante muuguzi. Kuhusu vitambulisho na vyeti, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 watu wanasumbuka kupata cha kufungia. Ndoo ya rangi yenye kifuniko inafaa kuliko mfuko. Na pigeni picha vyeti vyote, mumtumie ndugu aliye mbali, maana simu nayo hulowa.

#13 Kijana wa Minjila

Swali: nambari ya kupiga mtu akikwama?

#14 Jirani wa Malka

Msalaba Mwekundu ni 1199, bure. Lakini boti zikiwa chache na simu ni nyingi, anayefikiwa haraka ni aliyeeleza vizuri alipo. "Niko kijiji cha Wema" haitoshi. Sema uko upande gani wa mto, karibu na shule ipi au msikiti upi, wangapi, kuna mgonjwa au hakuna. Na okoa chaji: simu moja iwake, nyingine zizimwe.

#15 Mzee wa Maembe

Haya, nimesoma yote. Kwetu chifu ameitisha baraza wiki ijayo, nitalipeleka la njia na la alama. Hilo la kumpa mama ruhusa mbele ya mashahidi alisome BintiGalole mwenyewe, mimi sitaki vita nyumbani. Shule iko kwenye kituta na ndiyo tunakimbilia kila mara. Kuna lingine la kuuliza?

#16 Jirani wa Malka

Liko, mzee. Uliza ufunguo wa madarasa unalala kwa nani wakati wa likizo. Kama mwalimu mkuu anakwenda kwao Disemba na ufunguo mfukoni, nakala ibaki kwa mtu anayeishi hapo kituta. Na kama kuna tanki la kuvuna maji shuleni, mfereji wake wa bati uko mzima?

#17 Mzee wa Maembe

Mfereji uling'oka Mei. Nitaulizia fundi kabla ya baraza.